Kiapo cha Nzuki Juu ya Mama wa Kuchapa

Katika lile jengo la ghorofa sita nyuma ya Tom Mboya Street hakukuwa na mtu aliyejua kudharau kama Nzuki Musembi. Watu wengine hudharau kwa kupitiwa tu: wanakasirika, wanasonya, kisha wanasahau. Nzuki alidharau kwa utaratibu, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Alimdharau bawabu kwa kuwa aliandika majina ya wageni kwa herufi kubwa tupu. Aliwadharau wauza simu wa ghorofa ya kwanza kwa kuita kila kitu "software", hata chaja. Alimdharau bosi wake Kuria, mtu wa suti ya kumetameta, ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu lakini kadi yake ya biashara ilidai kwamba yeye ndiye msanifu mkuu.

Na zaidi ya wote aliwadharau wale wanaozitumia programu zake. "User," alikuwa akisema huku akitafuna njugu, "ni mtu Mungu alimnyima akili akampatia mouse." Mzaha huo alikuwa ameusema mara nyingi mno, hata mwenyewe alikuwa hacheki tena.

Tusimnyime haki yake: kazi aliijua. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mke, anaishi Jamhuri katika chumba kilichojaa vitabu vinene vya kompyuta, na kwa miaka miwili, peke yake, alikuwa ameandika Wakili Plus. Hiki kilikuwa kijiprogramu kilichoishi ndani ya Word. Karani wa ofisi ya mawakili akifungua Word, anaona juu vitufe vitano vya ziada. Akibonyeza kimoja, kichwa cha mahakama kinajiandika. Akibonyeza kingine, aya zinajipa namba. Cha tatu kinaweka yale maneno ya mwisho ya hati ya kiapo pamoja na nafasi ya sahihi na muhuri. Kuria alizunguka nacho ofisi za mawakili mjini akijisifu kwa kazi ya mwenzake, na Nzuki akabaki ghorofa ya tano akimsonya kutoka mbali.

Mteja wao mkubwa alikuwa kampuni moja ya mawakili karibu na Mahakama Kuu. Pale palikuwa na wakili mwenye sauti, Kiragu, na makarani wanne wa kuchapa. Karani mkubwa kati yao alikaa dirishani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sweta ya rangi ya damu ya mzee, miwani yenye kamba shingoni, na vidole ambavyo havikuwahi kutazamwa na mwenyewe vikifanya kazi. Alikuwa amechapa katika ofisi hiyo tangu enzi za mashine za chuma. Nzuki alimjua kama mama wa kuchapa, basi.

Mwezi wa tatu mwaka 2006 Kiragu akataka kitufe cha sita, cha kuweka alama kwenye vielelezo vinavyoambatanishwa na hati: kielelezo cha kwanza, cha pili, na kuendelea. Nzuki akakitengeneza. Jumamosi akapita pale kukiweka kwenye kompyuta moja tu, kwa majaribio, na akachagua ile ya dirishani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi. Alikuwa na haraka. Saa nane kulikuwa na mechi ya raga kule Ngong Road na marafiki wameshamwekea nafasi. Hakuchukua zaidi ya dakika ishirini. Mama wa kuchapa alikuwa anamalizia zamu yake ya nusu siku, akampisha kiti, akasimama kando na mkoba wake mkononi mpaka kijana alipomaliza. Kijana hakusema asante. Angesema kwa nini? Kiti ni cha ofisi.

Jumatatu asubuhi simu ya Nzuki ikalia.

"Kijana wa kompyuta, hii kitu imekataa," akasema mama wa kuchapa. "Nikifungua karatasi ya mahakama inaniletea kiboksi. Imeandika *No such interface supported*, na namba ndefu hapo chini."

"Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza. Nimefungua tu, vile mimi hufungua kila siku."

"Zima, uwashe."

"Nimezima nikawasha mara tatu."

"Zima tena," akasema Nzuki, na akakata simu. Kuria alikuwa karibu, akauliza ni nani. "User," akajibu Nzuki, na ikawa imetosha.

Alipiga tena Jumanne, akapiga tena Jumanne hiyo hiyo jioni. Mara ya tatu Nzuki aliacha simu iite mpaka ikachoka.

Sasa, juu ya meza ya mama huyo kulikuwa na kazi ya moto. Mzee mmoja wa Waithaka, Kiarie, mwenye nyumba za kupangisha, alikuwa ameshtakiwa na jirani kwa ajili ya mpaka wa ploti. Majibu yake yalitakiwa yafike mahakamani Jumatano kabla ya mahakama kufungwa. Mama wa kuchapa alipoona kompyuta imegoma na wenzake watatu wana kazi zao hadi shingoni, akaenda kwa Kiragu akamwomba ruhusa aitoe mashine ya zamani stoo aichape hiyo kazi kwa mkono. Kiragu akamcheka. Ofisi yake, akasema, si makumbusho. Walikuwa wamenunua mfumo, na mfumo ndio utakaotumika. Ndiyo akili ya mtu aliyesoma sheria kwa miaka mingi: afadhali nyumba iungue kuliko kuonekana amebeba maji kwa ndoo kuukuu.

Majibu ya Kiarie, yaliyochapwa hatimaye na karani mwingine alipopata nafasi, yalifika mahakamani Alhamisi saa tatu asubuhi. Upande wa pili walikuwa wamewahi, wameomba hukumu ya upande mmoja, na wameipata.

Hapo ndipo Kiragu alipompigia Nzuki mwenyewe, na Nzuki akaja mbio, kwa sababu wakili akipiga simu si user, ni mteja.

Akakaa kwenye kiti cha dirishani. Kile kiboksi kikajitokeza kama kilivyoelezwa. Mama wa kuchapa akasimama nyuma yake, miwani mkononi.

"Ilianza baada ya wewe kuja Jumamosi," akasema taratibu. "Jumamosi asubuhi ilikuwa sawa. Nilichapa hati mbili kabla hujafika. Jumatatu ndio ikakataa. Nimeandika hapa kwa daftari, siku na saa."

Nzuki hakugeuka hata kulitazama hilo daftari. "Mama, mimi niliongeza kitufe. Kitufe hakiwezi kuharibu kitu. Hizi vitu ziko na sayansi yake."

"Mimi sijui sayansi. Najua siku."

Makarani wengine wakatazama chini. Nzuki akacheka, kile kicheko chake cha puani, akaanza kupekua. Na mtafuta lawama haikosi: akakuta folda ya nyimbo za kwaya, akakuta programu tatu za mazishi zilizochapwa kwa ajili ya majirani, akakuta ratiba ya chama cha akina mama, akakuta ule mchezo wa karata umefunguliwa wiki iliyopita. Akachungulia folda ya Wakili Plus, akaona faili kuu limebadilika Jumamosi. Akauliza ni nani alikuwa ofisini Jumamosi mchana. Mama wa kuchapa, wakamjibu. Kwamba na yeye mwenyewe alikuwa pale, amekaa kwenye kiti hicho hicho, hilo halikumpitia akilini. Nyani haoni kundule, na nyani mwenye digrii ndiye kabisa.

Akatoa sidii yake ya zamani mfukoni, akafuta kila kitu, akaweka upya. Kiboksi kikatoweka. Akasimama akajipangusa mikono kama fundi aliyezibua choo.

"Umeona?" akamwambia Kiragu. "Software iko sawa. Mtu aliingilia faili."

Kiragu aliyapenda maneno hayo kuliko mtoto apendavyo peremende. Mawakili wa mji huu wana desturi yao, na desturi hiyo imewaokoa tangu mahakama zijengwe: wakichelewa, hawakuchelewa wao, alichelewa karani. Jaji anaombwa ahurumie mteja asiye na hatia, karani anabebeshwa mzigo, na wote wanakwenda kunywa chai. Lakini safari hii Kiragu alikuwa na zaidi ya karani. Alikuwa na mtaalamu.

"Nitahitaji hati ya kiapo kutoka kwako," akasema. "Fupi tu. Kwamba wewe ndio uliandika hiyo programu, kwamba umeikagua mashine, na kwamba karani wa kuchapa aliingilia faili za mfumo bila ruhusa."

Na Nzuki, ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu hadharani, akavimba. Hati ikachapwa hapo hapo na Lornah, karani wa meza ya pili, kwa vitufe vya Nzuki mwenyewe. Aya saba. Wakateremka ghorofa mbili kwa kamishna wa viapo, mzee aliyekuwa akila mandazi. Mzee akauliza, "Haya ni ya kweli?" Nzuki akasema ndiyo. Muhuri ukagonga.

Jioni ile mama wa kuchapa akapewa barua. Amesimamishwa kazi, ana siku saba za kujieleza kwa maandishi mbele ya Ofisi ya Kazi kwa nini asifutwe. Nyuma ya barua walibandika nakala ya kiapo cha mtaalamu. Ilibidi iwe hivyo, maana jaji angeuliza, na huyo karani mmemfanya nini? Karani aliyeharibu kazi na bado yuko kazini hamwingii jaji akilini. Nzuki alimwona akikunja sweta yake, akiitia mkobani pamoja na kikombe na daftari. Aliona pia kwamba hakulia. Akajiambia, hata kulia hajui.

Siku nne Nzuki alitembea mjini akiwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Aliwasimulia wauza simu wa ghorofa ya kwanza, watu asiosema nao, jinsi alivyotoa ushahidi. Mahakama ikaikubali hati, hukumu ya upande mmoja ikafutwa, kesi ya mzee Kiarie ikafufuka. Kuria akachapisha kadi mpya.

Siku ya tano, Jumanne, Kuria akaja mezani kwake. "Sasa kile kitufe cha vielelezo, weka kwa mashine zote. Kiragu ameuliza."

Nzuki akachukua lile toleo la Jumamosi kutoka kompyuta yake ya mkononi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaliweka kwanza kwenye mashine ya majaribio iliyokuwa pembeni ya meza yake, mashine isiyo na nyimbo za kwaya, isiyo na programu za mazishi, ambayo hakuna mwanamke wa sweta aliyewahi kuisogelea. Akafungua kiolezo cha hati ya mahakama.

*No such interface supported.* Na chini yake 80004002.

Alizima akawasha. Naam, yeye mwenyewe, fundi mkuu, alizima akawasha. Kiboksi kikarudi pale pale.

Ikamchukua saa mbili kukubali jambo ambalo alilijua katika dakika ya kwanza. Programu mbili zikitaka kusaidiana huwekeana mapatano, ndiyo hiyo interface ya kwenye kiboksi: mimi nitakuomba haya, wewe utanifanyia haya, kwa mpangilio huu. Kila mapatano yana namba yake ndefu, herufi na tarakimu thelathini na mbili, isiyofanana na nyingine. Kiolezo cha ofisi ya Kiragu, ambacho makarani wote wanne walikitumia, kilikuwa kimeishika namba ya zamani. Kikifunguka kinabisha hodi kwa Wakili Plus na kuuliza, wenye namba hii mpo? Ndiyo maana sheria ya kazi hii ni moja, na Nzuki alikuwa akiwahubiria wanafunzi wa mazoezi mpaka wanasinzia: mapatano yaliyokwisha tolewa huyagusi. Ukitaka kuongeza kitu, andika mapya pembeni, ya zamani uyaache yalivyo. Hata chombo chake cha kazi kina alama ya tiki ya kulinda jambo hilo, nayo humlalamikia mtu anayetaka kukosea.

Jumamosi ile tiki ilikuwa imemlalamikia. Alikumbuka vizuri sana. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, kompyuta yake mapajani, saa saba na dakika arubaini, raga inaanza saa nane. Kitufe cha sita alikipachika katikati ya vile vitano kwa sababu kilipendeza pale. Tiki ikasema hapana. Akaiondoa. Programu ikatengenezwa upya na ikajipa namba mpya. Jumatatu kiolezo kikabisha hodi kwa namba ya zamani, na ndani wakajibu ukweli mtupu, hatuna mwenye namba hiyo. Ile sidii aliyoitoa mfukoni kwa mbwembwe ilikuwa na toleo la zamani, ndiyo maana mambo yalitengenea. Hakuponya kitu. Aliondoa uchafu wake mwenyewe na kumpaka mwingine.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nzuki akakaa akitazama kiboksi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapata mtu wa kumdharau ambaye hangeweza kumkimbia.

Alimwendea Kuria kwanza. Kuria akasikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Si ni kitu unaweza fix?"

"Nimesha-fix. Nusu saa tu. Lakini yule mama…"

"Basi hakuna story," akasema Kuria. "Ume-fix. Usianze kutafutia kampuni maneno."

Akaenda kwa Kiragu. Kiragu alimfungulia mlango kwa heshima, kwa kuwa alidhani amekuja kuweka kitufe. Aliposikia, akaufunga mlango.

"Bwana Nzuki, wewe ulikula kiapo. Unajua kuapa uongo ni kosa la jela?"

"Sikujua ni uongo."

"Na endelea hivyo hivyo kutojua. Jaji amekubali. Mzee Kiarie amerudishiwa kesi yake. Sasa unataka niende nimwambie nini, kwamba mtaalamu wangu alikuwa anakimbilia raga?"

"Na huyo mama?"

Kiragu akanyanyua mabega. "Huyo ni typist. Wako wengi."

Ajabu ni kwamba maneno hayo hayakuwa mageni. Yalikuwa ya Nzuki mwenyewe, kila neno, aliyasema kila siku akitafuna njugu. Yalipotoka katika mdomo mwingine, wenye tai na meno meupe, akayasikia jinsi yanavyonuka. Akatoka bila kuaga.

Pale mapokezi akamkuta Lornah. Akamuuliza yule mama anapatikana wapi. Lornah akamtazama kwanza, kwa muda, kama mtu anayepima kama kipande cha nyama kimeoza.

"Waithaka. Kuna kibanda cha kuchapa cha Waceke, karibu na posho mill ya kusaga mahindi. Anasaidia hapo siku hizi." Kisha akaongeza, "Umebakisha nini cha kumfanyia?"

Siku ya sita, Jumatano, Nzuki akamwambia Kuria anaumwa. Kwa kweli alikuwa anaumwa. Alifika Waithaka saa nne, akapita kwenye matope ya mvua ya usiku, viatu vyake vilivyong'arishwa vikageuka rangi. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimeandikwa kwa brashi: TYPING, PHOTOCOPY, LAMINATION, BARUA ZA KAZI. Ndani mlikuwa na Waceke mwenyewe, mwanamke mnene aliyekuwa akikata picha za pasipoti kwa makasi, kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa, mzee mmoja anayesubiri barua yake, na mama wa kuchapa nyuma ya mashine ya chuma. Alikuwa anachapa bila kutazama vidole.

"Habari ya asubuhi, mama," akasema Nzuki.

"Nzuri," akajibu, na hakusimamisha mashine. "Ngoja nimalize ya mzee."

Akangoja. Hakupewa kiti. Barua ya mzee ilikwisha, ikasomwa, ikakunjwa, mzee akaondoka. Nzuki akaanza kueleza. Alianza mbali, kama watu wa namna yake wanavyoanza, akasema habari za mapatano, namba ndefu, tiki, kiolezo kinachobisha hodi. Alieleza vizuri. Waceke aliacha kukata picha. Mama wa kuchapa alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameiweka miwani yake mezani.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Ilianza baada ya wewe kuja Jumamosi."

"Ndiyo."

"Hayo yote umesema, hiyo safari yote ndefu, ilikuwa ya kufika hapo tu?" Akaiinua miwani akaivaa. "Nilikuambia kwa maneno sita, kijana. Ukacheka."

Nzuki akatazama viatu vyake vya matope. Hakuna vitabu vinene vya jambo hilo. Aibu ilimpanda kutoka magotini mpaka masikioni, akaona afadhali angepigwa.

"Nataka kuapa upya," akasema hatimaye. "Hati nyingine, ya kusema ile ya kwanza si kweli. Uipeleke Ofisi ya Kazi kesho."

"Na Kiragu?"

"Amekataa."

"Na kazi yako?"

"Sijui."

Mama wa kuchapa akamtazama Waceke. Waceke akasema kwa sauti kubwa, bila kumjali mwenye kusemwa, "Mimi ningemwambia akachape mwenyewe, si ana degree?"

"Ataichapa vibaya," akajibu mama wa kuchapa. Akavuta karatasi mbili, akaweka kaboni katikati, akazungusha gurudumu la mashine. Waceke akamwuliza kwa nini asitumie kompyuta. "Hii haijui mambo ya interface," akasema.

Kisha akaanza, na Nzuki akaona kwamba mwanamke huyu hakuhitaji vitufe vyake vitano wala sita. Kichwa cha hati kikakaa katikati ya karatasi bila kupimwa. Jina la Nzuki alilijua, Nzuki Musembi, pamoja na sanduku la posta la kampuni, maana vyote viliandikwa kwenye kile kibandiko ambacho Nzuki alikipachika kwenye kila kompyuta kwa ajili ya watu wenye shida. Aya ya kwanza: mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Hapo Waceke alikohoa. Aya ya pili: kwamba mimi ndiye niliyeandika programu inayoitwa Wakili Plus.

"Ya tatu," akasema mama wa kuchapa. "Sema."

Nzuki akaanza tena habari za mapatano.

"Hapana. Yule afisa wa kazi ni mtu kama mimi. Sema kitu anaweza kuelewa."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kujua maneno ya kila kosa kwa namba yake, na sasa yalimpotea yote. "Kwamba kosa lilikuwa langu," akasema. "Kwamba niliharibu mimi mwenyewe siku ya Jumamosi kwa haraka zangu, na sikuangalia kabla ya kumlaumu mtu."

Mashine ikalia mfululizo, kisha kengele yake ndogo ya mwisho wa mstari.

"Ya nne?"

"Kwamba karani wa kuchapa niliyemlaumu katika hati yangu ya kwanza hakuingilia faili yoyote, na hana hatia."

Vidole vikasimama juu ya vitufe. Havikushuka.

"Ile ya kwanza mliandika 'karani wa kuchapa'," akasema. "Kumlaumu mtu hivyo inatosha. Kumsafisha haitoshi. Afisa atauliza karani gani, maana pale tuko wanne. Hapa lazima jina."

"Sawa. Weka jina."

"Wewe ndio unaapa. Mimi nachapa tu. Sema jina."

Nzuki akafungua mdomo. Miaka miwili alikuwa ameingia katika ofisi ile. Alikuwa amekalia kiti cha mwanamke huyu, akashika mouse yake ingali na joto la mkono wake. Mara mbili wiki ile ya kosa, Nzuki alipopokea simu, mwanamke huyu alikuwa ameanza kwa kusema yeye ni nani, kama watu wa adabu wanavyofanya kwenye simu, na Nzuki hakusikia kwa kuwa hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameapa mbele ya kamishna dhidi ya mtu huyu. Akatafuta kichwani mwake kote. Akayakuta majina ya kila faili katika Wakili Plus, faili mia mbili na kumi na nne.

"Mama…" akasema.

"Mama si jina la hati."

Waceke aliweka makasi chini. Nje mtu alipita akivuta mkokoteni wa maji, akasalimu, hakuitikiwa. Mama wa kuchapa alimwacha Nzuki asimame hapo muda wote uliostahili, akimtazama usoni, bila hasira, kama anavyotazamwa mtu aliyepotea njia na hataki kuuliza. Kisha vidole vyake vikashuka vyenyewe, herufi moja moja, taratibu kuliko alivyochapa chochote asubuhi ile.

Akaizungusha karatasi juu kidogo ili mstari uonekane.

"Soma," akasema. "Kwa sauti. Kamishna atakuuliza kama unajua unachoapa."

Nzuki akainama juu ya mashine, viatu vyake vimejaa matope, akasoma: "Kavindu Kitavi."

"Tena," akasema Kavindu Kitavi, na Nzuki akasoma tena.